Jinsi ya Kumiliki Kioo cha Baiskeli Bila Kukitumia

Karibu, ndugu yangu. Egesha baiskeli hapo kivulini, ukae. Najua umechoka kushauriwa. Askari wa usalama barabarani alikushauri, mwenyekiti wa kitongoji akakushauri, na mama watoto anakushauri kila alfajiri ukiwa bado unafunga mikungu kwenye keria. Wimbo wao wote ni mmoja: weka kioo, uangalie nyuma. Nusu ya kwanza ya ushauri huo naikubali. Kioo weka. Hiyo nusu ya pili ndiyo nataka tuiongee taratibu, sisi kwa sisi.

Barabara yetu unaijua. Inaanzia Lusahunga wilayani Biharamulo, inapita Nyakahura, inaingia Ngara, inagusa Benaco na kwenda kukomea mpakani Rusumo: kilomita 92. Lori lililopakia bandarini Dar es Salaam likielekea Kigali linapita hapo. La Burundi nalo linapita hapo hapo, kisha linakata kushoto kuitafuta Ngara mjini na Kabanga. Mengine safari yao inaishia Kongo. Hata jina la Benaco ni la kampuni ya ujenzi ya Waitaliano; barabara ilijengwa, wenyewe wakaondoka, jina likabaki. Katikati ya hayo yote upo wewe na Phoenix yako, au Swala ya babu kama bado ina roho, mikungu mitatu ya ndizi nyuma, na kiredio kimefungwa kwenye usukani kikiimba Radio Kwizera. Kwizera, kwa lugha za huku, ni kuamini. Ukiwa na imani ya namna hiyo, mwongozo huu utakufaa. Una hatua kumi na moja, na hakuna hata moja inayohitaji nguvu.

Hatua ya 1: Tafuta kioo chenye historia

Usihangaike na cha dukani. Kioo cha heshima hutoka kwenye bodaboda iliyopata ajali. Nenda kwa fundi pikipiki, utavikuta vimetundikwa ukutani kama samaki wa kukausha. Ukianza kujiuliza mwenye kioo wa kwanza aligongwaje wakati kioo alikuwa nacho, acha mara moja. Mtu hawezi kununua kitu huku anafanya uchunguzi.

Na usinunue kimoja. Kioo kimoja ni cha mtu mwoga, viwili ni vya mtu mwenye chombo, na ukifikisha vinne watoto wa Benaco watakuita Scania. Ongezea maua ya plastiki kwenye usukani, utepe mwekundu, na pale kwenye mpira wa kuzuia matope, nyuma kabisa, andikisha kwa rangi nyeupe: MUNGU MBELE. Nyuma yupo nani, hilo tutalifikia.

Hatua ya 2: Kifunge upande usio na hatari

Hapa utaalamu unahitajika. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo chombo kinachotaka kukupita kinatokea mkono wako wa kulia. Mtu wa kawaida angefunga kioo kulia. Wewe funga kushoto. Huko kuna migomba, mbuzi wa watu, na watoto wanaopunga mikono. Mandhari safi, haina kitu cha kukushtua.

Akitokea mjuaji akakuhoji, mwambie unajiandaa kwenda Rwanda. Kule wanaendesha kulia, na Burundi vilevile, kwa hiyo ukishavuka mpaka hatari yote inahamia kushoto. Pale Rusumo lile daraja la zamani lilikuwa jembamba, magari yakipita kwa zamu, na aliyesahau upande alipata muda wa kukumbuka akiwa kwenye foleni. Tangu Aprili 2016, Marais John Magufuli na Paul Kagame walipozindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, mambo ni ya haraka zaidi. Mwenye vioo viwili ndiye Mwana Afrika Mashariki kamili: kimoja kinamfaa huku, kingine kinamfaa kule, na yeye hatazami chochote kati yavyo.

Hatua ya 3: Kielekeze usoni

Hii ndiyo hatua tamu. Legeza nati, inamisha kioo mpaka uone paji la uso, kisha kishushe kidogo kidogo hadi meno yatokee. Hapo hapo. Umepata.

Benaco nilimtazama kijana mmoja wa baiskeli ya abiria akisubiri wateja. Alitoa kitana mfukoni akachana nywele kwenye kioo cha kulia. Akahamia cha kushoto, akakagua upande wa pili. Akapaka mafuta midomoni kwa kidole kimoja, akaibana midomo, akaiachia. Mwisho akatafuta kijiti, akafumba jicho moja na kuanza kuchokonoa jino la mwisho kabisa, kazi iliyochukua dakika nzima. Mteja alipofika, kijana akapanda, akaingia barabarani bila kutupa jicho popote. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi, likakwepa, likapita. Kijana akajitazama tena kiooni. Nadhani alitaka kuona kama nywele zimevurugika.

Usimcheke, maana ukoo wa kioo chake ni mkubwa. Mwaka 1909 Mwingereza Dorothy Levitt, mwanamke aliyekuwa bingwa wa mbio za magari, aliwashauri wanawake wenzake katika kitabu chake wabebe kioo kidogo cha mkononi kwenye gari, wakiinue mara kwa mara waone kinachokuja nyuma. Yeye alichukua kioo cha kujipambia akakipa kazi ya barabarani. Sisi tumekirudisha nyumbani.

Hatua ya 4: Chagua kilichobinuka

Kuna kioo bapa na kuna kioo mbinuko. Bapa kinakuonyesha lori kama lilivyo, ukubwa wake na umbali wake, na kwa hiyo kinaharibu siku. Mbinuko, ambacho ndicho utakikuta kwenye pikipiki nyingi, kinakusanya eneo pana, na ili eneo lote lienee kinapunguza kila kitu. Waliofika kidato cha tatu walifundishwa hayo kwenye fizikia wakayaacha kwenye chumba cha mtihani. Marekani wanaandika kabisa kwenye kioo cha pembeni cha gari kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Cha kwako hakina maandishi. Shukuru.

Kwa hiyo hata ukichungulia kwa bahati mbaya, utaona semitrela limekuwa kama kiberiti, liko mbali huko, linatambaa. Jiambie: bado. Na usipige hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ni hii. Lori la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Wewe na ndizi zako, kwa kilomita 15, unakula mita 4. Likiwa nyuma yako mita 200, yaani viwanja viwili vya mpira, limebakiza sekunde 11 kukufikia. Ni muda wa kumaliza salamu moja ya kikwetu, tena bila kuulizia hali ya mifugo.

Hatua ya 5: Acha nati ilegee

Kioo kilichokazwa hutulia, kikitulia huonyesha, na kikionyesha kinakulazimisha uamue. Acha kitetemeke. Chepukia barabara ya vumbi ya kijijini wakati wa kiangazi, yale mawimbi yake yatakufanyia kazi yote. Lori moja litaonekana matatu, na mtu akiletewa mashahidi watatu wanaopingana, kesi anaifuta.

Katika hili una mtangulizi mkubwa. Tarehe 30 Mei 1911, Mmarekani Ray Harroun alishinda mashindano ya kwanza ya magari ya maili 500 kule Indianapolis akiwa peke yake garini. Wenzake walibeba fundi wa kukaa pembeni na kuwaambia nani anakuja nyuma. Yeye alifunga kioo. Wakalalamika, akashinda. Baadaye alikiri kwamba ule uwanja wa matofali ulikitikisa kioo hata hakuweza kuona kitu. Umeona? Kioo kilishinda bila kuonyesha. Ila Harroun alikuwa mbele ya wote, na hapakuwa na lori la saruji linalotoka Isaka likimfuata.

Hatua ya 6: Pakia mpaka kioo kione mzigo

Inawezekana ulikosea: ukakifunga kulia, kikatazama nyuma, kikakazwa. Usikate tamaa, mzigo utakuokoa. Laza mkungu mmoja juu ya keria, ning'iniza miwili ubavuni, vuta mpira wa tyubu mpaka uimbe. Sasa panda uchungulie. Utaona ndizi, tena ndizi zako mwenyewe, jambo la kumfurahisha mkulima yeyote.

Mkaa ni bora zaidi. Gunia la mkaa likifungwa lumbesa, ile kofia yake ya majani inapanda hadi usawa wa kichwa chako, na mapana yake yanaupita usukani kwa pande zote mbili. Hapo hata ukiwa na vioo sita, vyote vitatoa taarifa moja: nyuma yako kuna gunia. Nyuma ya gunia ni eneo la dereva, na kila mtu abaki kwenye eneo lake.

Hatua ya 7: Geuza shingo yote

Sikiliza honi. Madereva wana lugha yao. Honi moja fupi ni salamu. Mbili ni "nimekuona". Ile ndefu isiyokatika ni dereva anayeanza kuandaa maelezo ya kituoni. Ukisikia yoyote kati ya hizo, usiguse kioo kwa jicho. Geuza shingo, mpaka kidevu kiguse bega la kulia.

Matokeo yake ni ya uhakika. Shingo ikienda kulia, bega hufuata. Bega likifuata, mkono huvuta usukani. Na baiskeli iliyobeba ndizi za kutosha harusi inaingia taratibu katikati ya njia, kule kule lori linakotaka kupita. Mtaonana uso kwa uso, wewe na dereva. Kioo kilibuniwa kuondoa usumbufu huu, kwamba jicho lihame na shingo ibaki ilipo. Lakini jicho likihama utaacha kujiona, na kwenye hatua ya 3 tulishakubaliana.

Hatua ya 8: Mlima waachie wenye injini

Ngara ni milima, na miguu ni yako. Ukikuta lori limepiga gia ndogo, linapanda kwa kuhema, lishike nyuma. Mabingwa wa fani hii wako kwa jirani zetu Burundi, kwenye barabara ya Bugarama kwenda Bujumbura: wanateremka na ndizi kwa kasi ya kumtoa mtu machozi, kisha wanarudi juu wakiwa wameng'ang'ania malori. Hapo kioo hakina kazi kabisa, maana hatari umeishika kwa mkono wako. Kitu pekee unachohitaji kuona ni taa za breki, nazo katika malori mengine ziliungua tangu Morogoro.

Utingo akikurushia maneno, mpungie mkono uliobaki. Kileleni achia. Ukisahau, mteremko utakukumbusha.

Hatua ya 9: Usiku, kioo kiwe taa

Taa ya baiskeli ni gharama, dinamo inaongeza uzito kwenye tairi, na mwezi ni wa bure. Funga sidii kuukuu chini ya tandiko ing'ae kidogo, halafu waambie watu kwamba vioo vyako viwili vinatosha kwa sababu vinarudisha mwanga. Vinarudisha kweli, ila vinaurudisha machoni kwako. Lori likija nyuma na taa kali, kioo kitakumwagia nuru yote, utafumba macho na kuendelea kwa kumbukumbu. Barabara unaijua tangu utoto. Shimo lililochimbika juzi halikujui, lakini mtajuana.

Hatua ya 10: Likipita la kwanza, rudi

Hii ni ya wale wachache ambao, pamoja na bidii yangu yote, wameliona lori na wakashuka kwenye lami. Sawa, imetokea. Sasa usikae huko kwenye majani kama mtu aliyefukuzwa kwao. Likipita tu, hata kabla vumbi halijatua, ruka urudi.

Malori ya safari ndefu hupenda kufuatana, mawili au matatu. Msafara si jambo geni huku: wenye umri wao wanakumbuka mabasi yakisubiriana ili polisi wayasindikize kupita mapori ya Biharamulo kwa hofu ya majambazi. La kwanza linalificha la pili, na kioo chako, kama kilionyesha, kilionyesha la kwanza tu. Upepo wake wa mbele unakusukuma nje, mkia wake unakuvuta ndani. Utakuwa umerudi barabarani saa ile ile ambayo la pili linaihitaji barabara.

Hatua ya 11: Andaa maneno

Kuna gari moja duniani lililoandikwa kwa ajili ya watu wanaotazama vioo, nalo ni gari la wagonjwa. Jina lake kwa mbele limegeuzwa ili aliye mbele yake alisome sawasawa kiooni. Ukiufuata mwongozo huu hutalisoma kamwe, lakini kukutana mtakutana.

Utakapoinuliwa mtaroni, ndizi zimetawanyika na wapita njia wanazikusanya kwa kasi ya kutia shaka, sema kwa sauti: "Mimi nina vioo viwili!" Usiseme kama ulikuwa unaviangalia. Hakuna atakayeuliza. Wazee watasema ajali haina kinga, na wewe utaitikia kwa kichwa, kama shingo itakuruhusu. Ila mama watoto usimwache karibu na baiskeli. Akiinama pale kwenye tandiko, kwenye kile kioo kilichopona atauona uso wake mahali ilipotakiwa kuonekana barabara, na hapo hata mimi sina la kukushauri.

Onyo: kuna mtu wa kutomwiga

Upande wa Nyakahura nilikutana na mzee mmoja mchuuzi wa mkaa. Kioo chake ni kimoja, tena kina ufa. Amekifunga kwa mpira wa tyubu kwenye kipande cha mti kilichotokeza kulia, kikapita lumbesa kwa kiganja kizima. Hana ua la plastiki hata moja. Anakanyaga pedeli mara tano au sita, jicho linahama, kichwa hakihami.

Nilipomwona, lori lilikuwa linakuja mbele yake na jingine linakuja nyuma. Akashuka kwenye lami, akasimama kwenye majani ameshika breki. Likapita la mbele, likapita la nyuma. Nikadhani atapanda. Akatazama tena kiooni, akangoja, likatokea la tatu. Akalipitisha nalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unajitesa hivyo? Barabara si yetu sote?"

"La mbele naliona kwa macho, la nyuma naliona kwa kioo," akasema. "Yakikutana hapa nilipo, mimi ni wa tatu. Na barabara hii wameipima kwa wawili."

"Lakini unachelewa, mzee."

"Nachelewa," akasema, akakifuta kioo kwa kiganja, akapanda, akaenda zake.

Sasa, kama baada ya kazi yote niliyoifanya bado moyo unakutuma kumfuata mzee huyo, sitakuzuia. Spana anayo fundi yeyote kati ya Lusahunga na Rusumo. Funga kioo kulia, kiupite mzigo. Kaa kwenye tandiko ukigeuze mpaka uone ncha ya bega lako na lami yote iliyo nyuma yake, kisha kaza nati. Likija lori nyuma na jingine liko mbele, shuka kwenye lami, na usirudi mpaka kioo kiwe kitupu. Mkungu wa ndizi hauozi kwa kuchelewa dakika tano.